Eti maji ya Tana yanapotea baharini?

Wasee, kuna sentensi moja nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi: Tana ni mto mkubwa, una maji mengi, lakini yanapotea tu baharini. Wanasiasa wameisema, mainjinia wameisema, na hata mjomba wangu aliye Thika, ambaye hajawahi kufika Garsen, huisema akila chapati. Mimi naona hiyo sentensi ndiyo imeandika historia ya delta ya Tana. Karibu kila mtu aliyefika kule na ramani na pesa alikuwa anaiamini.

Sina digrii ya historia, chuo niliachia mwaka wa pili. Na historia ya Pwani niliyofunzwa shuleni ilikuwa Fort Jesus, Malindi, Lamu, basi. Delta tuliiruka vile basi la Lamu huiruka: unafika Garsen, unanunua maji na ndizi, unavuka daraja, unasinzia. Kwa hivyo mwaka huu, mwezi wa pili, nilikodisha baiskeli pale Garsen, ile nyeusi nzito ya kubebea mizigo, nikakaa siku sita. Penye njia nilipanda. Penye matope nilisukuma. Penye maji nilivuka kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa ndani kama mgonjwa.

Kwa macho delta ni tambarare kabisa, lakini ukiwa kwa baiskeli magoti yanakwambia ukweli. Tana una karibu kilomita 1,000, unatoka Aberdare na Mlima Kenya, na unashuka na udongo kibao. Ukifurika, ule udongo mzito unaanguka kwanza, hapo hapo kando ya mto. Miaka ikienda, kingo zinainuka kuliko nyanda zilizo nyuma yake. Ndiyo maana vijiji vya Wapokomo vimejipanga kwenye kingo, na miembe na migomba yao, na ukitoka kijijini kuelekea mbugani unaachilia pedali kidogo, unateremka. Kule chini ni nyasi, madimbwi, korongo na yangeyange, na udongo mweusi wenye nyufa zinazoweza kumeza gurudumu.

Kisha unakutana na malka. Hili ni neno la Waorma: njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Ukiiona bila kujua utafikiri ni vumbi tu limekanyagwa, lakini malka ni makubaliano. Mafuriko makubwa huja kati ya Aprili na Juni, mengine Novemba na Desemba. Maji yakiwa juu, mifugo iko mbali, kwenye nyika. Yakishuka, mkulima anapanda mpunga kwenye udongo uliolowa. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanateremka kwa maelfu kutoka mbali kufuata nyasi za delta, na wanahitaji mahali pa kupita mashambani bila kukanyaga mpunga wa mtu. Malka ndiyo hapo. Wazee wa pande zote mbili wamekuwa wakiyapanga haya tangu kabla nchi inayoitwa Kenya haijawa. Mimi nilipita malka nyingi kwa sababu kwa baiskeli ndizo barabara nzuri kuliko zote, ng'ombe wameshazipiga zikawa ngumu kama lami.

Sasa tuingie kwa wageni. Lakini kabla yao kuna stori moja ya wenyeji wenyewe ambayo naipenda vibaya.

Zamani Tana haukuingia baharini pale Kipini. Mdomo wake ulikuwa kusini zaidi, ndani ya Ghuba ya Ungwana. Kipini palikuwa na mto mwingine, mdogo, unaitwa Ozi. Karne ya 19 watu wakachimba mfereji kati ya Tana na Ozi, unaitwa Belezoni, ili mitumbwi ya mizigo ipite ndani kwa ndani bila kuzunguka kwa bahari. Ulikuwa mwembamba tu. Lakini mafuriko yakaupenda. Yakaupanua kidogo kidogo, mpaka mto wenyewe ukahama, ukaacha njia yake ya zamani na maji machache. Hebu fikiria: mto mrefu kuliko yote Kenya leo unafika baharini kupitia kazi iliyoanzwa na majembe. Mtu akikwambia delta ni asili tupu ambayo haijaguswa, mwambie Belezoni.

Wamisionari wa Kimethodisti walijenga Golbanti, kando ya mto, miaka ya 1880. Mei 1886 Wamaasai walivamia, na mmisionari John Houghton na mkewe Annie wakauawa hapo, pamoja na watu wa kijiji. Mkasa wa akina Houghton ulisimuliwa Uingereza. Wale wanakijiji waliokufa nao hawakupata nafasi hiyo.

Upande wa pili wa delta kulikuwa na Witu, sultani mdogo aliyekataa kumtii Sultani wa Zanzibar. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakamnunua kwa maneno, na mwaka wa 1885 Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Hadi stempu za posta zilichapishwa! Kisha 1890 Ujerumani na Uingereza zikaketi Ulaya, na kwa mkataba uleule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, Witu ikakabidhiwa Waingereza. Sultani hakuulizwa. Septemba mwaka huo mfanyabiashara wa mbao, Andreas Küntzel, akauawa Witu na wenzake. Oktoba Admirali Fremantle akaja na manowari na wanajeshi, wakauchoma mji. Leo Witu unapita na gari kwa dakika tatu, kuna maduka, boda boda na mihogo.

Ukitoka hapo ruka karibu miaka themanini. Mwaka wa 1968 bwawa la Kindaruma linaanza kazi huko juu. Kisha Kamburu, Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wa kuchaji simu yako, sehemu yake imetoka hapo kwa miaka mingi. Na ukiwa Nairobi, maji ya mfereji wako mengi yanatoka Ndakaini, bwawa la mto Thika, na Thika unaingia Tana. Siwaambii muache kuoga. Nasema tu kwamba maji yanayodaiwa kupotea baharini tumeyakunywa kwanza, halafu tukazuia mafuriko mengine ili turubini zizunguke. Mafuriko ambayo ndiyo saa ya delta nzima.

Kule delta yenyewe serikali kupitia TARDA ilianzisha mradi mkubwa wa mpunga kwa pesa za Wajapani. Matuta marefu yalijengwa kuzuia mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaja, zikabomoa kazi. Mto haukujua kuna tuta. Mwaka wa 2008 ukaja mpango wa miwa, TARDA na Mumias, hekta kama 20,000, na hoja ilikuwa ileile: ardhi ipo tu, maji yapo tu. Wenyeji walienda mahakamani. Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba delta itengenezewe mpango wa matumizi ya ardhi na maji, na wakaaji wake washirikishwe. Mwaka mmoja kabla, 2012, hekta 163,600 za delta zilikuwa zimeingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani.

Lakini 2012 ndio mwaka huohuo wa damu. Agosti 22, kijiji cha Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Visa vya kulipiza vikafuata, vijiji vya pande zote mbili vikachomwa, na kufikia mapema 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Kwa habari za saa moja tuliambiwa ni Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, chuki za tangu zamani. Hapo mimi nakataa. Uchaguzi wa kaunti za kwanza ulikuwa unanusa, na wanasiasa hawakuwa wasafi. Na huwezi kuzungushia ardhi ya kiangazi ua, ukapunguza mafuriko, ukafunga malka, halafu ukashangaa watu waliokuwa wakipishana kwa ratiba wakikutana mahali pamoja siku moja wakiwa na njaa. Hilo haliondolei lawama mtu aliyeshika panga. Ila lilianza mbali na Riketa.

Na kumbuka ni watu gani tunaongelea. Tuni ya wimbo wa taifa, ile unasimama wima ukiisikia, ilitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Tulichukua wimbo, tukachukua maji.

Siku ya tano nilifika Ozi, karibu na Kipini, na hapo ndipo ile sentensi ya mjomba ilinifia. Ozi wamekuwa wakilima mpunga kwa akili ya ajabu. Bahari ikijaa, inasukuma mto urudi nyuma. Yale maji yanayopanda mashambani si ya chumvi, ni maji matamu ya mto yaliyo mbele ya bahari, kwa hivyo mawimbi ya Bahari ya Hindi yanakunyweshea shamba bure, bila pampu. Lakini yote hayo yanategemea kitu kimoja: mto uwe na nguvu za kutosha kuzuia bahari. Mto ukipungua, kinachopanda ni chumvi. Na imepanda. Kuna mashamba nilitembea juu yake ambayo hayalimwi tena, miembe imesimama mikavu, na visima kadhaa maji yake huwezi kunywa. Mama aliyenipa uji pale alinisihi nionje ya kisima chake. Nilionja. Ni kama maji ya kusukutua jino.

Kwa hivyo maji yanayofika baharini yana kazi. Ndiyo ukuta wa Ozi. Na huko juu bado kuna mpango wa bwawa lingine, High Grand Falls, ambalo likijengwa litakuwa kubwa kuliko Masinga.

Mkitaka kwenda, nendeni Januari hadi mapema Machi, njia zikiwa kavu. Garsen kuna baiskeli na watu wa kukuelekeza, lipa vizuri. Tafuta kijana wa hapo mtembee naye, kwa sababu viboko jioni hutoka majini kula nyasi na hawasalimii. Usisogelee mto kuchota maji mahali usipoona wenyeji wakichota, mamba wapo. Ukikuta ng'ombe kwenye malka, shuka, sogea pembeni na uwaache wapite wote, hata kama ni dakika ishirini. Na bebeni tyubu mbili za ziada, miiba ya kule haichezi.