Kitufe cha Bibi

Enzi za mkanda wa VHS, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ukitaka kumwona bibi harusi akikata keki ulirudisha mkanda mpaka deki inalia. DVD ilipoingia sokoni hukohuko Japani mwaka 1996 ikaja na menyu: picha ndogo ndogo, kila moja ni kitufe. Unabonyeza rimoti, mara uko ukumbini! Menyu moja hubeba hadi vitufe 36.

Mtindo huo ulifika hata kwetu Uyole, njia panda ya Tukuyu. DVD ya harusi ya dada, mwaka 2011, ilikuwa na vitufe vinne: Nyumbani, Kanisani, Keki, Zawadi. Bibi yetu hakuwa na kitufe. Alikuwa humo ndani ya Zawadi, dakika mbili tu, akicheza na khanga mkononi. Alipofariki, hatukuwa na video yake nyingine. Mama akawa anapeleka mbele, anampita, anarudisha.

Juzi nikaihamishia DVD ile kwenye kompyuta ya rafiki. Nikaweka alama ya sura pale Bibi anapoinuka. Programu, kama kawaida yake, ikachukua picha ya kwanza ya sura hiyo: mgongo wa MC! Nikasogeza taratibu mpaka uso wa Bibi ukatokea. Chini nikaandika: Bibi.

Mama alibonyeza mara moja tu. Akanyamaza.

Basi, ndugu yangu unayetaka kuandika, historia haipotei kwa kuungua tu. Yaweza kuwemo yote, ila hakuna aliyeiwekea kitufe.