Chumvi ya Jikoni, ya Maabara na ya Shambani

Istilahi kama asidi, besi na oksijeni ziliingia katika Kiswahili pamoja na somo la kemia. Chumvi haikuwa hivyo: ilikuwa na makazi yake jikoni tangu kale, sambamba na munyu, neno lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu.

Katika matumizi ya kila siku, chumvi ni kitu kimoja, yaani kiungo cha chakula. Ndiyo maana husemwa "chumvi ya", si "chumvi za". Katika kemia, chumvi ni jamii nzima ya kampaundi zitokanazo na mmenyuko wa asidi na besi. Kwa maana hiyo magadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu, nayo ni chumvi, ijapokuwa hakuna mpishi atakayeyatia mchuzini badala ya chumvi.

Maana hizo mbili zilikutana shambani. Mbolea za viwandani zilipoenea nchini katika miaka ya 1970, kiwanda cha mbolea cha Tanga kikiwa kimeanza kazi mwaka 1972, ziliitwa "mbolea ya chumvichumvi". Kwa salfeti ya amonia jina hilo ni sahihi hata kikemia. Lakini yurea, ambayo nayo huitwa hivyo, si chumvi.

Tumfikirie mkulima wa Mgori, mkoani Singida. Mkoa wake una maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kwa mkulima udongo uliojaa chumvi ni udongo usiozaa. Akiambiwa atie chumvichumvi shambani, ana haki ya kuuliza kama anaurutubisha udongo au anauharibu. Swali hilo si la ujinga. Limezaliwa na neno lenyewe. Wala kemia haimpingi kabisa, kwani mbolea hiyo ikizidi huunguza mimea.

Kwa hiyo mfasiri na mwalimu hawana budi kupambanua. Kloridi ya sodiamu iitwe "chumvi ya chakula". Jamii ya kampaundi iandikwe kwa wingi, "chumvi za". Jina la chumvichumvi halitaondoka vinywani mwa watu, wala si lazima liondoke. Lakini penye maagizo ya vipimo, jina la mbolea yenyewe, iwe salfeti ya amonia au yurea, ndilo litangulie.