Chokaa Iliyoingia Chumba cha Upasuaji

Kwa wenyeji wa pwani, chokaa ni mali ya nyumba. Tangu zamani walichoma matumbawe katika tanuu, wakayamwagia maji, wakapata chokaa ya kujengea na kupakia kuta. Kuta hizo huwa ngumu kwa sababu chokaa hunyonya polepole kaboni dioksidi iliyomo hewani na kurudi kuwa jiwe. Mimi nimekulia Bujumbura, mbali na matumbawe, na chokaa nilikutana nayo upya katika somo la historia ya tiba. Tabia hiyo hiyo ya kunyonya ndiyo inayomlinda mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi. Katika insha hii nitaonyesha kwamba chokaa iliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya kubana matumizi, lakini usalama wake ulipatikana baada ya wagonjwa kuumia.

Mwanzo wa habari hii uko Uskoti. Katika miaka ya 1750, Joseph Black alionyesha kwamba kuna hewa inayoweza kufungwa ndani ya chokaa, na kwamba pumzi ya mwanadamu ina hewa hiyo. Ukipuliza pumzi katika maji ya chokaa yaliyo safi, yanageuka meupe kama maziwa.

Karibu miaka 100 baadaye, daktari John Snow wa London alilitumia wazo hilo. Aliona kwamba sehemu kubwa ya mvuke wa klorofomu hutoka tena na pumzi na kupotea bure. Mnamo 1850 alijaribu kuivuta upya pumzi yake mwenyewe, akiipitisha kwanza katika maji ya potashi kali ili kaboni dioksidi ibaki humo. Jaribio lilifaulu, lakini halikuenea. Klorofomu ilikuwa rahisi kutumia kwa kitambaa tu, na maji makali karibu na uso wa mgonjwa ni hatari.

Vita Kuu ya Kwanza ilibadilisha mambo. Baada ya gesi ya klorini kutumika huko Ypres mwaka 1915, wanakemia walitafuta vitu vya kujaza katika barakoa za askari. Chembe za chokaa iliyochanganywa na soda kali zilikuwa miongoni mwake. Mwaka huo huo, huko Marekani, Dennis Jackson alionyesha kwamba mnyama anaweza kulazwa usingizi kwa muda mrefu kwa dawa kidogo sana, mradi kaboni dioksidi iondolewe. Kisha Ralph Waters akatengeneza kopo lenye chembe hizo, likakaa karibu na uso wa mgonjwa, pumzi ikipita humo kwenda na kurudi. Aliandika juu yake mwaka 1924. Faida aliyoitaja ni ya mfukoni kwanza: gesi kidogo, gharama ndogo. Miaka ya 1930 ilipokuja siklopropeni, gesi ghali inayoweza kulipuka, kopo hilo likawa la lazima.

Chokaa ya soda ya leo ni hidroksidi ya kalsiamu kwa takriban asilimia 80, maji kiasi cha asilimia 15, na soda kali kidogo ya kuharakisha kazi. Inaponyonya, hupata joto. Huwekwa pia rangi ya kuonyesha imechoka: aina nyingi hugeuka kutoka nyeupe kuwa zambarau.

Hata hivyo, kilichookoa dawa kilileta sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Uingereza ilianza kutumia trikloroethilini, dawa ya usingizi ya bei nafuu. Ilipopita katika chokaa yenye joto, iligeuka kuwa sumu inayodhuru mishipa ya fahamu. Baadhi ya wagonjwa waliamka nyuso zimekufa ganzi. Dawa ile ikapigwa marufuku kukutana na chokaa. Katika miaka ya 1990 ikabainika hatari nyingine: chokaa iliyokaushwa na oksijeni iliyoachwa wazi bila mtu huweza kuigeuza dawa ya kisasa kama desflureni kuwa kaboni monoksidi. Ndipo zikatengenezwa chembe zisizo na soda kali kabisa.

Nimezungumza na shangazi yangu, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Aliniambia: "Mwanangu, usiiamini nyeupe ya Jumatatu asubuhi." Chokaa iliyochoka Ijumaa ikawa zambarau huweza kurudi kuwa nyeupe ikipumzika, na ikaonekana mpya. Mgonjwa atakayeunganishwa nayo atavuta tena kaboni dioksidi yake mwenyewe; moyo utaenda mbio na shinikizo la damu kupanda, naye amelala, hawezi kulalamika. Palipo na kipimo cha kaboni dioksidi, mashine itasema. Pasipo nacho, inabaki kumbukumbu ya muuguzi na tarehe iliyoandikwa juu ya kopo.

Hapo ndipo naona uzito wa historia hii kwa nchi zetu. Waters alibana matumizi ya gesi kwa kutumia chokaa. Sisi tunashawishika kubana chokaa yenyewe. Akiba ya kwanza ilikuwa ya busara kwa sababu iliondoa kinachodhuru. Akiba ya pili humrudishia mgonjwa kile kile alichokwisha kukitoa.