Kubwaga Moyo, Zamani na Sasa

Leo hatusomi habari za vita wala za wafalme. Tunasoma habari za moyo mzito, na jinsi watu walivyosaidiana kuutua, tangu siku za misafara mpaka siku hizi za simu za mkononi.

Wewe unayesoma somo hili Bagamoyo, Kaole au Saadani, anza na jina la mji wa Bagamoyo. Bwaga moyo. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuja kutoka bara kwa miguu. Njia ya kutoka Ujiji ilikuwa kilometa 1,200 hivi, na kila mtu alichukua mzigo wa karibu kilo 30. Walipoiona bahari walitua mizigo, wakapumzika, wakacheza ngoma. Kwao kubwaga moyo ni kuupumzisha. Lakini wako wasemao kwamba jina hilo ni la watumwa: hapa mtu aliuacha moyo wake, maana hakutazamia kurudi kwao tena. Ubishi huo haujaisha. Mimi naona kwamba mji uliopitiwa na watu wa namna zote mbili waweza kuzichukua maana zote mbili.

Je, mwenye dhiki ya moyo alitibiwaje? Pwani walimwita mganga, na mara nyingine ikapigwa ngoma ya pepo. Sisemi pepo ni kweli au si kweli. Nataka utazame jambo moja tu: mgonjwa hakuachwa peke yake.

Baadaye palijengwa nyumba za wagonjwa wa akili, nazo zilikuwa mbali. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianzishwa na wamisioni wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, kisha pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 ikafunguliwa hospitali ya Mirembe, Dodoma. Hospitali hizo zimewasaidia watu wengi. Lakini mpaka leo mtu akimtania mwenzake humwambia anafaa kupelekwa Mirembe, na kwa kuogopa utani huo wengi huificha dhiki yao mpaka imekuwa kubwa.

Sasa kumbuka mwaka 1973. Wazee wa darasa hili huenda walikuwapo. Ndiyo miezi ya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama 2,000,000 walikaa katika vikundi kwa majuma 12. Walisikiliza redio, mmoja akawasomea kitabu, wakazungumza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walijifunza habari za malaria, kichocho na kuhara. Moyo haukuwa na somo lake. Lakini njia ile ilikuwa nzuri: sauti, kitabu, na watu walioketi pamoja.

Njia hiyo imerudi. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya kujisaidia wakati wa dhiki, yakajaribiwa kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio hilo. Waliopewa mafunzo walikutana mara 5, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao na kutazama kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale wasiopata mafunzo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Vita haikuwa imefutwa, wala waliokufa hawakurudi. Mzigo ulikuwa umepungua tu.

Mwaka huo huo shirika hilo lilitoa kitabu cha picha pamoja na sauti zake, na mtu huvipata bure katika intaneti. Zoezi lake la kwanza sisi wa pwani tungeliita kutia nanga. Mawazo yakikuchukua kama mkondo, yatambue kwanza: ‘Hapa nina hofu.’ Vuta pumzi polepole. Kanyaga chini kwa nguvu, nyosha mikono. Kisha tazama: unaona nini? Unasikia nini? Hofu huenda isiondoke, lakini chombo hakipelekwi ovyo. Jaribu sasa, kabla hujafunua ukurasa.

Neno ‘bure’ lakini lina walakini. Kitabu ni bure, bando si bure, na si kila nyumba ina simu ya intaneti. Kwa hiyo simu moja iwekwe katikati ya darasa, kama redio ya mwaka 1973. Tena zoezi hili si dawa ya kila ugonjwa. Mtu akisikia sauti zisizokuwapo, au akifikiri kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwulize mzee mmoja wa mtaani kwake: jina la Bagamoyo alielezwa maana gani, na nani alimweleza? Leteni majibu darasani, hata kama yanapingana.