Mwendo wa Taratibu katika Vipande vya Anime

Mwendo wa taratibu, kwa mashabiki wanaokata vipande vya anime na kuviunga upya juu ya muziki, ni ile kazi ya kulirefusha tukio la sekunde chache likae kiooni muda mrefu kuliko lilivyotengenezwa, pasipo jicho kuona kusita wala kuruka. Sanaa yenyewe ya kuunga vipande ina umri: aghalabu hutajwa kuwa wa kwanza Mmarekani Jim Kaposztas, ambaye mwaka 1982, kwa mashine mbili za kanda za video, aliziambatisha picha za vita za anime ya Star Blazers na wimbo wa Beatles. Walakini kurefusha mwendo hata uwe laini ni jambo lililosubiri kompyuta, na sababu yake imo ndani ya anime yenyewe.

Mpiga filamu atakaye mwendo wa taratibu huiamuru kamera yake ipige picha 120 au 240 kwa sekunde, kisha akazionyesha kwa kasi ya kawaida ya 24. Kila kilichopita mbele ya kamera kimehifadhiwa. Anime haina akiba hiyo. Filamu yake hupita kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini michoro iliyomo ndani ya fremu hizo aghalabu ni 12 au 8 tu, kila mmoja ukirudiwa mara 2 au 3. Desturi hii ilitia mizizi katika televisheni ya Japani tangu tarehe 1 Januari 1963, ilipoanza kuonyeshwa Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka, ambaye kampuni yake, Mushi Production, ililazimika kutoa kipindi kila wiki kwa fedha haba. Na kilichozaliwa kwa dhiki kikageuka kuwa mtindo wenye uzuri wake, kwa kuwa wachoraji walijifunza kuipa nguvu ile michoro michache waliyoruhusiwa.

Programu za kupachika fremu za kati, kama Twixtor inayotumika ndani ya programu ya uhariri ya After Effects, hufanya kazi kwa kukadiria kila nukta ya picha imehamia wapi katika picha inayofuata, kisha kuichora mahali ambapo ingekuwapo njiani. Hapo ndipo wengi wanaoanza hukwama. Tuchukue mkono wenye upanga unaoshuka kwa sekunde 1, umechorwa mara 8, kila mchoro ukikaa fremu 3. Programu ikiambiwa irefushe sekunde hiyo iwe 4, yaani fremu 24 ziwe 96, nayo ikapewa fremu zote kama zilivyo, italinganisha mchoro na nakala yake, isione kilichosogea, itoe fremu zilizoganda. Kisha ikifikia mchoro mpya itausukuma mkono safari yake yote katika fremu 4. Hivyo katika kila fremu 12, 8 zimesimama na 4 zinakimbia, na upanga hushuka kwa kukwamakwama. Hapana budi nakala ziondolewe kwanza, ibaki michoro 8 halisi, ndipo baina ya mchoro na mchoro zipachikwe fremu 11 mpya.

Kuziondoa nakala si kazi ya kuachiwa mashine peke yake. Mara nyingi mandhari ya nyuma husogezwa katika kila fremu ilhali mhusika hubadilika kila fremu ya 3, kwa hiyo hakuna fremu mbili zinazofanana kabisa. Mara nyingine mwili wote umetulia na mdomo ndio unaocheza. Fauka ya hayo, kusimama kwingine ni kwa makusudi: mchoraji amemtuliza mpiganaji kitambo kabla ya pigo ili pigo liwe zito, na anayefuta nakala zote huufuta na uzito huo. Mhariri makini huurudisha kwa mkono, akiupinda mstari unaoonyesha kasi ya kipande katika programu ili mwendo uzembee pale pale mchoraji alipotaka uzembee.

Taabu ya pili hutokana na rangi. Hesabu za kufuata mwendo, ambazo msingi wake uliwekwa na Horn na Schunck mwaka 1981, hutegemea mwanga wa kila nukta ubakie vile vile inapohama. Shavu la anime ni rangi moja tupu, kila nukta sawa na jirani yake, na mashine haina cha kushika isipokuwa mistari ya wino. Ndiyo maana nywele hukokota mandhari, na vidole huyeyukia nguoni. Programu mpya zilizofunzwa kwa mifano, kama RIFE ya mwaka 2020, zimepunguza kasoro hizi bila kuzimaliza. Na watafiti waliotoa AnimeInterp mwaka 2021 walifuata njia iliyo karibu zaidi na asili ya kitu chenyewe, yaani kulinganisha maeneo ya rangi badala ya nukta mojamoja. Pasipo msaada huo, dawa ya hakika ni kumkata mhusika kwa kufuata ukingo wake, kumjazia mandhari nyuma, na kurefusha kila tabaka peke yake. Ni kazi ya saa nyingi kwa kipande cha sekunde chache, nayo huonekana.

Iko pia michoro iliyovutwa kwa makusudi, uso ukarefuka au mkono ukawa utepe wa rangi, ambayo kwa kasi ya kawaida hupita kwa fremu 1 na kuonekana kama nguvu. Ikirefushwa mara 4 huwa sura ya kutisha. Kuitupa ni rahisi, lakini huiachia programu pengo kubwa isiloweza kulivuka bila kurarua mistari. Ni afadhali kuharakisha kasi mahali hapo, na kupunguza mwendo kabla na baada yake.

Kipande kilichokamilika hutolewa aghalabu kwa fremu 24 au 60 kwa sekunde. Wingi wa 60 huonyesha ulaini zaidi, bali 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, hivyo vipande ambavyo havikurefushwa vikiwekwa kando yake, fremu zake hurudiwa 2, kisha 3, kisha 2 tena.