Kutoka Kodi ya Vibanda hadi Ritani ya Juni

Mwezi Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali tunapopaita Kisumu leo. Ujenzi wake ulikuwa umeigharimu serikali ya Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na Bunge la London lilitaka himaya mpya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ianze kujigharimia. Mwaka huohuo zikatungwa kanuni za kodi ya vibanda. Kila nyumba ya Mwafrika ilidaiwa rupia 2 kwa mwaka, na baada ya muda mfupi kiwango kikapanda hadi rupia 3. Kodi hiyo haikuuliza mtu amepata nini mwaka ule. Ilihesabu paa. Mume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alidaiwa mara tatu, hata kama shamba halikuzaa kitu.

Wanahistoria wametoa sababu mbili za kodi hiyo. Wapo wanaosema lengo lilikuwa mapato tu, kwa kuwa watawala walikuwa wachache na hazina ilikuwa tupu. Wengine wanasema lengo lilikuwa kuwatoa vijana vijijini ili wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi wa Kizungu, maana rupia haikuota shambani. Ilipatikana kwa kuuza mifugo au kwa kibarua. Nadhani sababu ya kwanza ndiyo iliyoizaa kodi, na ya pili ndiyo iliyoikuza. Hapo mwanzoni maofisa walipokea hata mbuzi na siku za kazi badala ya fedha. Lakini kufikia mwaka 1913 Gavana Henry Belfield alitamka hadharani kwamba kodi ndiyo njia ya kuwalazimisha Waafrika watoke kwenda kutafuta kazi.

Watu nao walitafuta njia ya kupunguza mzigo. Njia iliyokuwa karibu ilikuwa kupunguza vibanda: wake wawili wakaishi chini ya paa moja, na vijana wakajibanza kwa wazazi wao. Serikali ilipoona hivyo, mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa juu ya ile ya vibanda, ili mwanaume mtu mzima asiye na nyumba naye adaiwe. Mlango huo wa kuokoa kodi ukafungwa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ilikuwa na madeni. Mwaka 1920 kodi ya Waafrika ilipandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, yaani shilingi 16 kwa sarafu mpya iliyokuja mara baadaye. Wakati huohuo ikaletwa kodi ya mapato, ambayo kwa kweli ingewagusa Wazungu na Wahindi wenye biashara, mashamba na mishahara minono. Hatima ya kodi hizi mbili inastahili kuangaliwa kwa makini.

Mwaka 1921 walowezi walikata mishahara ya vibarua wao kwa theluthi moja, wakisema bei za mazao zimeanguka. Harry Thuku, karani wa serikali jijini Nairobi, akaanza kuwakusanya watu kupinga kodi, kipande (cheti cha utambulisho cha lazima) na makato hayo. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi ulimiminiwa risasi, wakafa watu zaidi ya 20, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Mwaka huohuo kodi ya mapato ilifutwa kabisa.

Kwa nini ilifutwa? Walowezi walidai kwamba uchumi ulikuwa mbaya na walipaji walikuwa wachache mno. Madai hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, hali hiyohiyo mbaya haikuwafutia Waafrika kodi yao, bali iliwapunguzia tu, tena baada ya damu kumwagika. Tofauti ilikuwa uwakilishi: tangu mwaka 1920 Wazungu walikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na Waafrika hawakuwa na hata mmoja. Pengo la fedha likazibwa kwa ushuru wa forodha, uliolipwa na kila mnunuzi wa bidhaa kutoka nje.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio uliorudisha hoja ya kodi ya mapato mezani. Lord Moyne alikagua fedha za koloni mwaka 1932, na Sir Alan Pim akafuata mwaka 1936. Wote wawili waliona kwamba wenye uwezo walichangia kidogo kuliko huduma walizopata. Mwaka 1937 kodi ya mapato ikarudi Kenya, na safari hii ikabaki. Tanganyika, Uganda na Zanzibar zikaanzisha ya kwao mwaka 1940. Sheria hizo zilifuata mfano wa Uingereza, zikaleta wazo ambalo mwenye kibanda hakuwahi kulipata: kwamba kabla ya kumtoza mtu, sheria itazame majukumu yake ya kifamilia. Mfanyakazi wa kawaida wa Kiafrika aliendelea kulipa kodi ya kichwa kwa miaka mingi. Kenya huru ilipata Sheria yake ya Kodi ya Mapato, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 1974 na iliyorekebishwa mara nyingi, na tarehe 1 Julai 1995 ukusanyaji ukakabidhiwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya.

Wazo lile la kutazama hali ya mlipaji limo ndani ya payslipu ya leo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 2,400. Nafuu ya kila mlipaji mkazi nayo ni shilingi 2,400, kwa hiyo mwenye kipato hicho halipi kitu. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 50,000 hulipa takriban 7,383. Akiweka shilingi 5,000 zaidi katika mpango wa pensheni uliosajiliwa, fedha hizo huondolewa kabla ya hesabu, na kodi yake hupungua kwa 1,500. Kikomo cha makato haya kilikuwa 20,000 kwa mwezi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 30,000, michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ikiwamo. Bima ya maisha, elimu au afya huenda kwa njia nyingine: asilimia 15 ya malipo yake hutolewa kwenye kodi yenyewe, bila kuzidi 5,000 kwa mwezi. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi nayo huondolewa kwenye mapato, hadi 360,000 kwa mwaka.

Mwajiri hukata kodi kila mwezi kwa yale anayoyajua. Kama hukumpelekea cheti cha bima, hawezi kukihesabu. Nafasi ya kukidai ni kwenye ritani ya kodi ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mwombe mwajiri mapema fomu ya P9, yenye muhtasari wa mapato na kodi yako ya mwaka, na uilinganishe na payslipu zako mwezi kwa mwezi. Aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka awe na P9 mbili, na ahakikishe kwamba nafuu ya mwezi mmoja haikuhesabiwa mara mbili, kwa sababu tofauti hiyo atadaiwa yeye. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Nafuu hizi ni haki iliyoandikwa katika sheria, na asiyezidai huzikosa. Kusanya vyeti vyako sasa, usingoje wiki ya mwisho ya Juni.