Fundi Asiyeuliza

Fundi wa vyuma chakavu hatupi kitu: pipa lililotoboka hugeuka jiko, na bati kuukuu hugeuka kibatari. Mwili wa binadamu umeijua kazi hiyo tangu kale. Sisi wenye mwili ndio tuliochelewa kuitambua.

Mwaka 1955 Christian de Duve, Mbelgiji aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, alieleza kwamba ndani ya seli mna vifuko vilivyojaa vimeng'enya, akaviita lisosomu. Mwaka 1963 akaipa jina kazi ya seli kuvisaga vipande vyake vilivyochakaa ili vitumike upya: otofajia, yaani kwa Kigiriki, kujila mwenyewe. Alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1974, lakini otofajia yenyewe ikakaa miaka mingi bila kushughulikiwa na wengi.

Aliyefungua mlango ni Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 43, alianzisha maabara yake ndogo mjini Tokyo. Alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kusaga, akainyima chakula, kisha akatazama kwa darubini: mizigo iliyokwisha kukusanywa ilikuwa imerundikana ndani ya seli. Kufikia mwaka 1993 alikuwa ametangaza jeni 15 zinazoiendesha kazi hiyo. Nobel yake ilikuja mwaka 2016.

Basi, hayo yanatuhusu nini? Kadiri tunavyozeeka, fundi huyu hulegea na taka hubaki ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, akiwamo daktari Beth Levine, walionyesha kwamba panya waliobadilishwa jeni ili fundi wao asilegee waliishi muda mrefu zaidi. Levine huyo huyo, mwaka 1999, alikuwa ameonyesha kwamba jeni iitwayo beclin 1, mojawapo ya jeni za kazi hii, huzuia ukuaji wa seli za saratani ya matiti.

Lakini kuna upande wa pili. Uvimbe wa saratani ukishakomaa, nao humtumia fundi yule yule ili usife njaa. Ndiyo maana madaktari wamejaribu kumzuia kwa klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini. Naam, klorokwini ile chungu tuliyoimeza kwa malaria huku miili ikituwasha, mpaka Tanzania Bara ilipoiacha mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea. Majaribio hayo hayajaifanya kuwa tiba ya kawaida ya saratani.

Kwa hiyo nasikitika nikisikia mgonjwa wa saratani akishauriwa aache hospitali na kushinda njaa, eti mwili utaula uvimbe. Fundi haulizi kazi ni ya nani. Humtumikia mwenye nyumba, na mwizi pia. Beth Levine aliyajua hayo kuliko wengi wetu. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 60, kwa saratani ya matiti.